Mlango wa bibi hauna haja ya seva

Wiki hii nimegombana na watu watatu kuhusu mlango mmoja, na ugomvi bado haujaisha. Kwa hiyo mliokuja hapa kutafuta mambo ya Python, subirini wiki ijayo. Leo ni mlango tu, na nitasema kwa ukali kidogo maana nimechoka kusema kwa upole.

Suala lenyewe ni kubadilisha kifungua mlango cha gereji kilichozeeka. Msomaji wa Lamu najua ameshaanza kucheka. Gereji? Mkomani? Kwa wasiopajua, Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, mtaa wa nyumba za mawe na vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Gari haliingii hapa, na ukijenga banda la gari sijui utalaza nini ndani yake. Lakini kifungua mlango cha gereji tunacho. Ami yangu alikileta kutoka Ghuba alipokuwa akifanya kazi huko: kijibodi cha kupokea mawimbi na rimoti mbili ndani ya boksi lenye picha ya gari jekundu. Mota hakuileta. Fundi akaunga kile kijibodi na kitasa cha umeme kwa ndani ya mlango wa mbele, kikawa kinafanya kazi yake miaka yote hii.

Kwa nini? Kwa sababu bibi yangu anakaa ghorofa ya juu na magoti yake hayataki tena ngazi. Ngazi za nyumba zetu mnazijua, zimesimama kama minazi. Zamani palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye komeo na kupitishwa kwenye tundu la dari. Mtu akipiga hodi, bibi anauliza nani, akimtambua sauti anavuta kamba. Rimoti ilichukua kazi ya kamba. Hodi ikabaki pale pale, na uamuzi wa nani aingie ukabaki kwa bibi.

Sasa kijibodi kimekufa, au tuseme kinakata roho. Hewa ya chumvi imekula nyaya na miguu ya rilei imeota ukungu wa kijani. Bibi anabonyeza mara tano ndipo mlango unaitika. Lazima kibadilishwe, hapo hakuna mjadala. Mjadala ni kibadilishwe na nini.

Fundi anasema tununue kile kile. Muuza duka wa Mombasa anasema tununue kitasa cha waifai chenye programu ya simu. Mtoto wa ami yangu, ambaye anapangisha vyumba viwili vya chini kwa wageni wanaokuja kupitia mtandao, anasema muuza duka ameongea maneno ya maana kuliko mimi niliyesomea kompyuta miaka minne.

Nianze na fundi, maana huyu ni mtu wa heshima na kosa lake ni dogo. Rimoti zetu za zamani zina swichi ndogo kumi na mbili. Kila swichi iko juu au chini. Mbili kwa nguvu ya kumi na mbili ni 4,096, na hizo ndizo "funguo" zote zilizopo duniani kwa mlango wa aina hiyo. Kila ukibonyeza, namba ile ile inatangazwa hewani bila kufichwa. Rimoti za kunakili zinazouzwa madukani kwa shilingi mia chache zinaisikia mara moja tu na kuikumbuka. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani Samy Kamkar alichukua kifaa cha kuchezea watoto cha Mattel, akakibadilisha programu, akaonyesha kwamba milango ya gereji yenye namba isiyobadilika inaweza kufunguliwa kwa sekunde chini ya kumi. Kujaribu namba zote moja moja kungemchukua karibu nusu saa. Lakini vipokezi vingi vya zamani havijui namba inaanzia wapi na kuishia wapi. Vinasoma mfululizo wa biti na kuangalia zile kumi na mbili za mwisho tu. Kwa hiyo alipanga namba zote zikapandana, mkia wa moja ukawa kichwa cha nyingine, kwa mpangilio unaoitwa kwa jina la mwanahisabati wa Kiholanzi, de Bruijn. Mimi darasani nilidhani mpangilio ule ni wa kujibia mtihani tu!

Kwa hiyo, fundi wangu, kile kile hapana. Ikiwa ni lazima iwe rimoti, basi iwe ya namba inayobadilika kila ukibonyeza. Na hapa kuna jambo ambalo Waafrika hatulisemi vya kutosha: mfumo uliosambaa sana wa namba hizo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Nao una nyufa zake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, waliutoa ufunguo wa siri wa mtengenezaji kwa kupima tu stima inavyotumika ndani ya chipu. Lakini mwizi mwenye kipimo cha namna hiyo na elimu ya kukitumia hatahangaika na mlango wa bibi yangu Mkomani. Tuendelee.

Tukija kwa muuza duka, upole unaniishia.

Kitasa anachouza kinafanya kazi hivi. Unabonyeza kwenye simu. Simu inatuma ujumbe kwenye mnara, mnara unautuma Nairobi, Nairobi inautupa kwenye waya wa chini ya bahari hadi kwenye seva ya kampuni, pengine Ulaya, pengine Uchina. Seva inakagua wewe ni nani, halafu inatuma amri irudi njia ile ile, ipande tena mnarani, iingie kwenye rauta ya nyumbani, ifike kwenye kitasa. Yaani bibi aliye hatua ishirini kutoka mlangoni aombe ruhusa ng'ambo ili mjukuu wake aingie na mkate! Nilipomweleza hivi alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Kwani mlango wangu wataka kwenda wapi hata uwe na intaneti?" Sijapata kusikia mhandisi akiuliza swali zuri hivyo katika kikao cha usanifu, na vikao nimekaa vingi.

Usiniambie mtandao siku hizi ni imara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari siku moja, na Kenya, Tanzania na majirani tukatambaa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilizimika karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Siku kama hizo barua pepe inaweza kungoja, hata benki inaweza kungoja. Mlango hauwezi.

Na tuseme mtandao haukatiki kamwe. Bado kuna kampuni yenyewe. Haya si mawazo yangu, yametokea:

Mwezi Aprili 2017 huko Marekani mteja wa Garadget, kifaa cha kufungua mlango wa gereji kupitia intaneti, alikasirika kifaa kilipogoma, akaandika maneno makali na kutoa nyota moja kwenye Amazon. Mwenye kampuni akamjibu kwamba kifaa chake kimefungiwa kuingia kwenye seva. Baadaye alilegeza, lakini hebu fikiria: umemtukana muuza kitasa, naye yuko ng'ambo na kidole chake kiko juu ya mlango wako.

Miezi minne baadaye, Agosti 2017, kampuni ya LockState ilituma programu mpya kwa vitasa vyake kupitia intaneti, ikakosea modeli. Vitasa takriban 500 vikapofuka, vikawa haviwezi hata kupokea marekebisho. Wateja waliambiwa wang'oe kipande cha nyuma wakitume kwa posta kikatengenezwe, au wangoje wiki mbili na zaidi waletewe kingine. Baadhi ya wateja hao walikuwa watu wanaopangisha nyumba kwa wageni kupitia Airbnb, yaani watu kama mtoto wa ami yangu hasa. Afadhali tundu la ufunguo wa kawaida lilikuwepo. Sasa chukua kitasa kama hicho, king'oe mlangoni Mkomani, kisafirishe kwa boti hadi Mokowe, kwa basi hadi Mombasa, kwa ndege hadi Marekani, halafu niambie mgeni wako wa Ijumaa analala wapi.

Halafu Nexx. Aprili 2023 mtafiti Sam Sabetan alitangaza kwamba vidhibiti vyao vya milango ya gereji vilitumia nenosiri moja kwa vifaa vyote. Moja! Aliyelipata aliweza kuona ujumbe wa wateja wengine ukipita na kufungua milango yao kutoka popote. Alikadiria vifaa zaidi ya 40,000. Shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, CISA, nalo likatoa onyo. Nimeandika programu zinazozungumza na vifaa kwa njia hiyo hiyo, na nawaambia wanafunzi wa kompyuta wanaosoma hapa: kumpa kila mteja nenosiri lake si kazi ya mwezi. Ni kazi ya siku chache ambayo meneja aliona inaweza kungoja.

Na wa mwisho ndio unaoniudhi zaidi kwa sababu haukuwa ajali. Chamberlain, kampuni kubwa ya vifungua milango ya gereji Amerika, ina mfumo wake wa simu unaoitwa myQ. Watu waliandika programu zao wenyewe za kuzungumza nao, ili mlango uungane na taa na vitu vingine vya nyumbani. Novemba 2023 kampuni ilifunga njia hiyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba watumiaji wasiozidi asilimia 0.2 walikuwa wanaleta zaidi ya nusu ya msongamano kwenye seva. Mradi wa Home Assistant ukaondoa myQ katika toleo lake la Desemba mwaka huo. Watu walikuwa wamenunua mota, wamelipa fundi, mlango uko kwenye ukuta wao, na bado wakaambiwa namna ya kuufungua. Wengi walirudi kununua vijibodi vidogo vinavyoungwa kwa nyaya moja kwa moja kwenye mota, visivyopita kwenye seva ya mtu. Yaani walizunguka dunia nzima wakarudi kwenye waya.

Nasema haya mimi ambaye mshahara wangu unatokana na seva. Najua mambo yanavyokwenda jikoni. Seva inalipiwa kila mwezi, kitasa kimelipiwa mara moja. Mwaka wa kwanza mauzo mapya yanalipia seva za wateja wa zamani. Mauzo yakipungua, mtu wa fedha anauliza hawa wa zamani wanatuletea nini. Hapo ndipo unapoona "mpango wa kulipia" umechomoza ndani ya programu, au barua ya kwaheri. Kwa hiyo ninaposikia wenzangu wa taaluma wakisifu kila kitu kinachoungwa na intaneti kwamba ndiyo maendeleo, natamani kuwauliza: ninyi mnaojua, kwenu mmefunga?

Kuna na jambo la siri. Kitasa hicho kinaandika kila mara mlango unapofunguliwa, saa ngapi na kwa jina la nani. Ukikusanya miezi sita unajua bibi anaamka saa ngapi kwa alfajiri, nani humtembelea, na siku gani yuko peke yake. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na ni sheria nzuri. Lakini sheria inakusaidia baada ya data kutoka. Mimi nataka isikusanywe.

Haya, mtoto wa ami. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu hoja yake ina uzito. Yeye yuko Mombasa siku nyingi. Mgeni anafika kwa boti ya jioni, bibi amelala, msaidizi amekwenda kwao. Funguo za chuma zinapotea, na mgeni aliyeondoka nayo anaweza kuwa amechonga nyingine. Anataka kumpa kila mgeni namba inayokufa mwenyewe. Yote kweli. Anapokosea ni pale anaposema kwamba bila intaneti hayawezekani.

Yanawezekana, na hesabu yake iko mfukoni mwako. Zile tarakimu sita zinazobadilika kwenye simu unapoingia kwenye akaunti ya barua pepe au benki hazitoki kwenye mtandao. Simu na seva zina siri moja waliyopeana siku ya kwanza, na zote zina saa. Kila upande unachanganya siri na muda uliopo, unapika kwa hesabu isiyorudi nyuma, unakata tarakimu sita. Saa zikilingana, majibu yanalingana. Kanuni yake iliandikwa wazi mwaka 2011, inaitwa TOTP, kila mtu anaweza kuitumia bure. Kwa kawaida namba inabadilika kila sekunde 30, lakini hakuna anayekukataza kuifanya ibadilike kila siku saa sita mchana, wageni wanapobadilishana vyumba.

Sasa weka siri hiyo kwenye kijibodi chenye vitufe vya namba, kando ya mlango, pamoja na saa ndogo ya chipu ya DS3231 na betri yake ya kidonge. Saa hiyo hukosea kama dakika moja kwa mwaka mzima, hata stima ikikatika. Mtoto wa ami akiwa Mombasa anapiga hesabu kwenye simu yake na kumtumia mgeni namba ya leo. Mlango nao umepiga hesabu ile ile peke yake, gizani, bila kumuuliza mtu. Akikosea mara tano, ungoje dakika kumi. Programu nzima haifiki mistari mia tatu. Ina upungufu: huwezi kuifuta namba ya mgeni katikati ya siku bila mtu kubonyeza kitu pale nyumbani. Sawa, bibi atapewa kitufe chekundu. Vitasa vya kununua vinavyotumia njia kama hii pia vipo, kwa asiyetaka kujiundia, ila soma maelezo vizuri kabla hujalipa, maana vingine vinasema havihitaji intaneti kisha vinakulazimisha ufungue akaunti.

Na kwa bibi mwenyewe, mchana, hakuna haja ya redio kabisa. Yeye hasogei, mlango hausogei. Waya wa mita kumi na mbili na kitufe kikubwa kando ya kitanda vinatosha. Waya haunakiliwi na rimoti ya dukani, na hauna betri ya kuisha. Nimeona wataalamu wanaona aibu kupendekeza waya, kama kwamba ni kurudi enzi za babu. Kutoka kamba kwenda waya ni hatua moja tu, nakubali, lakini ni hatua ya kwenda mbele.

Mlango wenyewe pia una sauti katika hili. Vitasa vya muuza duka vimeundwa kwa ubao mmoja mwembamba wenye tundu la silinda na mpini. Mlango wetu ni wa mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, mnene kuliko kitabu cha simu cha zamani, na nakshi yake ilichongwa kabla ya ami kuzaliwa. Nikimruhusu mtu autoboe kwa ajili ya kitu kitakachokufa baada ya miaka mitatu, sitapata pa kuuficha uso wangu hapa mjini. Kitasa cha umeme tulichonacho kimefungwa kwa ndani, na kinabaki hapo hapo.

Kwa wanaotaka kufanya kama hivi, maelezo machache. Chagua kitasa kinachobaki kimefungwa stima ikikatika, siyo sumaku inayoachia, lakini hakikisha kwa ndani komeo la mkono linafungua siku zote, asije mtu akafungiwa ndani moto ukizuka. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 na paneli ndogo ya sola inatosha, kwa kuwa kitasa kinakula stima kwa sekunde chache tu kinapofunguka. Ufunguo wa chuma unabaki, mmoja kwa jirani unayemwamini. Na kwa jina la Mungu, paka bodi vanishi ya kielektroniki pande zote mbili kabla ya kuitia kwenye boksi, na nyaya ziingilie chini, siyo juu. Chumvi ya hapa haitofautishi Ulaya na Uchina.

Mtoto wa ami ameniuliza jana usiku, kwa huzuni kidogo, sasa atajuaje kutoka Mombasa nani ameingia na saa ngapi. Nimemwambia ampigie bibi simu. Ana miezi miwili hajampigia.

Fundi anakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Kijibodi cha zamani nitakichomoa rilei na kukiweka kwenye droo, rimoti nimeshaahidiwa na watoto wa jirani.